Shajara ya Mradi: Kuipoza Injini ya Bedford TJ katika Joto la Dodoma

Julai: hali ya lori na vipimo vya kwanza

Lori tunalolishughulikia ni Bedford TJ, lile lenye pua ndefu, la jamii iliyoanza kutengenezwa Dunstable, Uingereza, mwaka 1958. Injini yake ni ya dizeli, ina silinda 6 na ujazo wa inchi 330 za mchemraba, sawa na lita 5.4, na nguvu yake ilipokuwa mpya ilikaribia farasi 100. Baba mdogo alilitumia kubebea mahindi ya Kibaigwa na alizeti ya Manyoni, kisha likasimama uani Kizota kwa miaka mingi. Tulipoanza kulifufua, breki, umeme na kebini vilikubali bila usumbufu mkubwa. Jambo moja lilikataa: kila lilipobebeshwa mzigo na kupandishwa mlima, lilichemsha. Shajara hii inahusu jambo hilo peke yake.

Lengo tulilojiwekea ni kwamba lori libebe tani 4 kutoka Dodoma hadi Manyoni alasiri ya mwezi Oktoba, lipande mlima wa Saranda bila kusimama, huku likibaki na rejeta na pampu ya maji za muundo wake wa asili. Tuliichagua njia hiyo kwa makusudi. Barabara inaanzia Dodoma, kwenye mwinuko wa takriban meta 1,120 juu ya usawa wa bahari, inateremka hadi bonde la Bahi lenye meta zipatazo 830, kisha baada ya Kintinku inaupanda ukingo wa Bonde la Ufa hadi Manyoni, kwenye zaidi ya meta 1,200. Dereva anaufikia mlima injini ikiwa imekwisha kupata moto kwenye tambarare. Tena kuna upepo. Wakati wa kiangazi upepo wa huku huvuma kutoka mashariki na kusini mashariki, kwa hiyo lori linaloelekea Manyoni husukumwa kwa nyuma. Likipanda kwa kilomita 20 kwa saa na upepo wa nyuma nao ukienda kwa kasi hiyohiyo, hewa iliyo mbele ya rejeta ni kana kwamba imesimama, na kazi yote ya kuivuta inabaki kwa feni. Ndiyo maana vipimo vyetu vyote vinachukuliwa lori likielekea magharibi. Kipimo cha safari ya kurudi, lori likiteremka na kuukabili upepo, hutia moyo pasipo sababu.

Mwinuko nao una athari mbili ambazo mara nyingi husahauliwa na watu wanaolaumu jua peke yake. Ya kwanza ni kwamba maji ya Dodoma huchemka kwenye nyuzi 96 za Sentigredi, si 100, kwa kuwa kanieneo ya hewa hapa ni ndogo kuliko ya pwani. Ya pili ni kwamba hewa yenyewe ni nyepesi: siku ya nyuzi 33, meta moja ya mchemraba ya hewa ya Dar es Salaam ina uzito wa kilo 1.15 hivi, na ya Dodoma ina kilo 1 tu. Feni ikizunguka kwa kasi ileile huvuta ujazo uleule wa hewa, lakini uwezo wa hewa kubeba joto hufuata uzito wake. Hivyo lori lililopoa vizuri Dar es Salaam hufika huku likiwa limepungukiwa na zaidi ya sehemu moja ya kumi ya uwezo wa hewa ya kulipoza, hata kama siku zote mbili zina joto sawa.

Kabla ya kuamini namba yoyote tuliipima geji. Ni ya kizamani, ina mrija mwembamba wa shaba unaotoka kwenye silinda hedi hadi dashibodi, na namba zake ni za Farenhaiti. Tulikitumbukiza kipimio chake katika sufuria ya maji yanayotokota, mshale ukasimama kwenye 205. Mwenzetu mmoja alitaka irekebishwe ifike 212, ambayo ndiyo namba ya mchemko katika vitabu. Lakini 205 za Farenhaiti ni nyuzi 96 za Sentigredi, kwa hiyo geji ilikuwa inasema kweli kwa mahali ilipo, na tukaiacha kama ilivyo.

Njia yetu ya kuweka kumbukumbu inahitaji maelezo, maana shajara yote inaitegemea. Joto la maji peke yake halimwambii mtu kitu cha kudumu, kwa sababu asubuhi ya Julai na alasiri ya Oktoba hazifanani. Tunachoandika ni tofauti kati ya joto la maji na joto la hewa ya nje. Injini ikibeba mzigo uleule, kwa gia ya pili, kwenye mlima uleule, tofauti hiyo hubaki karibu ileile katika majira yote, mradi themostati, vali inayoyafungulia maji njia ya kwenda kwenye rejeta yakipata moto, iwe imefunguka yote. Kwa hiyo mtu anaweza kupima wakati wa baridi na kujua yatakayomkuta wakati wa joto. Tulipanda Saranda na magunia ya mchanga ya tani 4 hewa ikiwa nyuzi 22, na maji yakafika 96. Tofauti ni 74. Ukiijumlisha na nyuzi 33 za Oktoba unapata 107.

Namba hiyo ilipaswa kulinganishwa na kifuniko cha rejeta. Kifuniko chetu kimepigwa mhuri wa pauni 7 kwa inchi ya mraba, na kifuniko kizima cha kiwango hicho huruhusu maji yafike kama nyuzi 108 katika mwinuko huu kabla hayajachemka. Kilipopimwa kwa pampu ya mkono yenye geji, kiliachia kwenye pauni 3, na kwa pauni 3 mchemko huanza kwenye 102. Kwa hali ile lori lisingefika nusu ya mlima mwezi Oktoba, na hata kwa kifuniko kipya lingebakiza nyuzi moja tu ya usalama. Tulinunua kifuniko kipya siku hiyohiyo, tukijua kwamba kifuniko hakipozi chochote. Kazi yake ni kusogeza mbali mahali pa kuchemka, basi.

Agosti: rejeta na bloku

Jambo la kwanza lilikuwa kuondoa shaka ya gasketi ya silinda hedi, kwa sababu gasketi iliyoungua hupitisha moshi wa silinda kwenye maji, na hapo kazi yote ya rejeta inakuwa bure. Injini ikiwa baridi kabisa tuliufungua mkanda wa feni ili pampu isizunguke, tukautoa mpira wa juu, tukajaza maji hadi mdomoni, kisha tukawasha. Kama gasketi inavuja, mapovu huanza kutoka ndani ya dakika moja, kabla maji hayajapata moto. Tuliongeza mwendo kidogo, tukazima. Hakuna povu lililotoka.

Ikafuata hesabu ya kutenganisha tatizo la maji na tatizo la hewa. Injini ya ukubwa huu ikitumia nguvu zake zote hutupa kwenye maji joto lipatalo kilowati 60. Ikiwa maji yanazunguka kwa lita 140 kwa dakika, yatashuka kwa nyuzi 6 hivi yanapopita kwenye rejeta. Yakizunguka kwa nusu ya hapo, yatashuka kwa nyuzi 12. Maana yake ni kwamba tofauti kubwa kati ya mpira wa juu na mpira wa chini inaonyesha maji yasiyozunguka vya kutosha, na tofauti ndogo huku mipira yote miwili ikiwa ya moto inaonyesha hewa isiyotosha. Tulifunga vipimio viwili vya waya kwenye mipira hiyo na kuvisoma tukiwa kebini. Mlimani tofauti ilikuwa nyuzi 15. Injini ilipokuwa imesimama yadini tuliipima pia sura ya rejeta kwa kipimajoto cha kumulika, na upande mmoja wa chini ulikuwa wa baridi kuliko sehemu nyingine, dalili kwamba mirija ya upande huo haipitishi maji.

Rejeta tuliipeleka kwa fundi rejeta wa Majengo, mzee aliyeifanya kazi hii tangu malori ya namna hii yalipokuwa mapya barabarani. Tulimwamkia, akaitikia marahaba, akaiinamisha rejeta, akaipulizia mdomoni na kusikiliza. "Mwanangu," aliniambia, "huu si uchafu wa jana. Hii ni chokaa ya miaka, na maji ya chumvi ndiyo yaliyoileta." Aliyeyusha risasi, akalitoa tanki la juu na la chini, na tukaiona mirija bapa ikiwa imefunikwa ukoko mweupe wenye kutu, zaidi ya robo yake ilikuwa imeziba kabisa. Aliizibua mmoja mmoja kwa upapi mwembamba wa chuma, akilowesha na kusuuza, kisha akayarudisha matanki kwa risasi mpya na kuijaribu rejeta kwa hewa ndani ya pipa la maji. Hii ndiyo sababu ninayoitoa kwa kila anayetushauri tununue rejeta ya alumini yenye matanki ya plastiki: rejeta ya shaba hufunguliwa, husafishwa na kufungwa tena na fundi aliye umbali wa kutembea kwa miguu, na ikitunzwa itamzika aliyeinunua. Ile nyingine plastiki yake ikipasuka hutupwa.

Kazi kubwa zaidi ilikuwa kwenye bloku, yaani mwili wa injini wenye silinda, na hapa ningependa kila mwenye lori la zamani katika mkoa huu asome polepole. Tulifungua bomba dogo la kumwagia maji lililo nyuma ya bloku, na halikutoa hata tone, ingawa injini ilikuwa imejaa maji. Waya ulipoingizwa ulitoka na tope la rangi ya kahawia. Tuliitoa pampu ya maji, tukaving'oa vizibo vya bati vilivyo ubavuni mwa bloku, na tukakuta kwamba kuzunguka silinda ya 5 na ya 6 tope la kutu na chokaa limepanda hadi theluthi ya kimo cha njia ya maji. Silinda za mbele zilikuwa safi kiasi. Sababu yake inaeleweka: pampu iko mbele, maji hupungua kasi kadiri yanavyosogea nyuma, na kila chembe nzito hutua pale maji yanapotulia. Kipimio cha geji nacho hakiko ndani ya tope hilo. Silinda ya 6 inaweza kuwa inaungua huku mshale ukiwa mahali pa heri, na dereva asijue lolote hadi pistoni ikwame.

Chokaa huzuia joto kwa kiwango ambacho macho hayawezi kukikisia. Milimita moja ya ukoko huo hupinga joto kama milimita 20 au zaidi za chuma cha kusubu. Kwa hiyo ukuta wa silinda uliopakwa chokaa hauwezi kuyapa maji joto lake hata maji yawe mengi na ya baridi namna gani. Joto hubaki kwenye chuma, oili inaungua, na pale chini ya ukoko vipovu vya mvuke hujitengeneza kimyakimya. Kuongeza rejeta kubwa mbele ya bloku ya namna hiyo ni kupoza maji, si kupoza injini.

Tulikwangua tope lote tulilolifikia kwa fito za chuma laini, tukapeleka maji ya nguvu kutoka nyuma kwenda mbele na kutoka mbele kwenda nyuma hadi yakatoka bila punje. Ukoko uliobaki tuliushughulikia kwa asidi ya sitriki, ile ya unga, gramu 50 kwa kila lita ya maji ya vuguvugu, tukiwa tumeondoa kwanza vipande vyote vya alumini, kama vile nyumba ya themostati, kwa kuwa asidi huvila. Maji yaliwekwa katika joto la nyuzi zipatazo 60 kwa saa kadhaa, yakatolewa yakiwa ya kijani na kahawia, na kazi ikarudiwa hadi yakabadilika rangi kidogo tu. Kisha tukaosha kwa maji yenye magadi soda ili kuua asidi iliyobaki kwenye pembe, na mwisho kwa maji matupu. Vizibo vipya viliingizwa kabla ya kutu mpya haijapata nafasi. Pampu ya maji ilibadilishiwa beringi na sili. Panga lake la ndani lilikuwa bado zima.

Mwishoni mwa Agosti tulipanda tena Saranda kwa mzigo uleule. Hewa ilikuwa nyuzi 29, maji yakafika 93, na mpira wa juu na wa chini zilitofautiana kwa nyuzi 7. Tofauti ya maji na hewa imeshuka kutoka 74 hadi 64. Nyuzi 10 zimepatikana kwa kusafisha tu, bila kuongeza kitu chochote ambacho lori halikuwa nacho lilipotoka kiwandani.

Septemba: upande wa hewa

Kwa kuwa sasa maji yanazunguka, macho yaligeukia hewa. Mapezi ya rejeta yalikuwa yamejaa vumbi, mbegu za nyasi na mabawa ya panzi, hasa nyuma ya wavu wa mbele ambako mkono haufiki. Uchafu huo hutolewa kwa kupuliza kutoka upande wa injini kwenda mbele, yaani kinyume cha njia ulioingilia. Anayepuliza kutoka mbele anaushindilia. Mashine ya kuoshea magari haifai kuelekezwa karibu, kwa sababu hulaza mapezi, na pezi lililolala ni mlango uliofungwa.

Kisha tulitazama hewa inapita wapi. Feni hufuata njia rahisi, na ikiwa kuna mwanya kati ya rejeta na ubavu wa boneti, feni itavuta hewa ya moto iliyo karibu na injini na kuizungusha tena, badala ya kuvuta hewa ya nje kupitia mapezi. Kwenye lori letu mianya hiyo ilikuwa mikubwa kiasi cha kupitisha kiganja. Tuliiziba kwa mpira wa tyubu kuukuu uliokatwa vipande na kufungwa kwa riveti, pande zote nne. Kava la feni halikuwapo kabisa. Mtu aliliondoa zamani na halikurudi. Bila kava, mapanga ya feni huvuta hewa kupitia duara la katikati ya rejeta, na pembe zake nne zinabaki bila kazi. Fundi bati wa Kizota alitutengenezea jipya kwa kufuata alama za tundu za bolti zilizobaki kwenye fremu ya rejeta. Mapanga yamekaa nusu ndani na nusu nje ya kava, na nafasi kati ya ncha zake na bati ni milimita 25 hivi, kwa sababu injini hutikisika juu ya mipira yake na bati lililobana sana lingepigwa.

Mkanda wa feni ulikuwa unang'aa ubavuni, na huo ni mkanda unaoteleza. Tulifunga mpya na kuukaza hadi ukibonyezwa katikati kwa kidole gumba ushuke milimita 12 hivi. Mkanda uliolegea una tabia ya kudanganya: kwenye mwendo mdogo huzungusha feni na pampu vizuri, kisha huteleza pale tu injini inapokazana, yaani mlimani.

Watu wenye nia njema wametushauri kufunga feni ya umeme ya gari dogo mbele ya rejeta. Tumekataa. Dinamo ya lori hili ilikusudiwa kuwasha taa na kuchaji betri, na feni yenye nguvu ya kufaa ingeimaliza. Tena lori likiwa kwenye mwendo, feni hiyo pamoja na fremu yake ni kizuizi kingine mbele ya rejeta.

Kuhusu themostati tulikuwa na mjadala mrefu zaidi, maana huku desturi ya kuitoa imeenea sana. Utingo wetu aliniuliza, "Kaka, si tuitupe tu? Malori yote yanatembea bila hiyo." Nilimweleza kwa kufungua nyumba yake na kumwonyesha njia ya pembeni, ile inayorudisha maji kwenye pampu bila kupitia rejeta wakati injini ni baridi. Themostati ikiondolewa katika injini yenye njia hiyo, sehemu ya maji huendelea kupita pembeni wakati wote, na rejeta hunyimwa maji hayo mlimani. Asubuhi za Juni na Julai, Dodoma inapokuwa na baridi ya kweli, injini hiyohiyo haipati moto wa kutosha, dizeli haiungui vizuri, oili inachafuka na silinda zinalika. Si kweli vilevile kwamba maji yakipita haraka kwenye rejeta hayapati muda wa kupoa. Maji yanayozunguka haraka hutoa joto zaidi kwa jumla. Tumefunga themostati inayoanza kufunguka kwenye nyuzi 74 na kufunguka yote kabla ya 88, na tuliijaribu kwanza kwenye sufuria jikoni, tukiwa na kipimajoto na uzi wa kuininginizia.

Kipimo cha mwisho wa Septemba: hewa 33, maji 92, tofauti 59.

Oktoba: dizeli, kisha jaribio lenyewe

Nyuzi nyingine tulizitafuta kwenye moto wenyewe. Lori lilikuwa linatoa moshi mweusi mlimani, na moshi mweusi ni dizeli iliyokosa hewa. Pampu ya dizeli inayopimwa kwa hewa ya pwani hupeleka Dodoma kiasi kilekile cha mafuta, huku hewa inayoingia silindani ikiwa pungufu, na mafuta yanayochelewa kuungua huendelea kuwaka hadi kwenye ekzosi, yakipasha moto vali na silinda hedi. Fundi pampu alipunguza kidogo kiwango cha juu cha mafuta, akabadilisha nozeli mbili zilizokuwa zinadondosha badala ya kunyunyiza, na akarekebisha taimingi, yaani wakati wa kunyunyiza dizeli silindani, iliyokuwa imechelewa. Nguvu iliyopotea haikuhisika. Moshi ulibaki wa kijivu hafifu.

Jaribio lilifanyika alasiri, hewa ikiwa nyuzi 34 na upepo ukitusukuma kwa nyuma tangu tulipotoka Nala. Kwenye tambarare ya Bahi maji yalikaa 84. Baada ya Kintinku dereva alishuka gia ya pili mapema, kabla injini haijaanza kulemewa, na kuliacha lori lipande kwa mzunguko wa juu. Nasisitiza jambo hili kwa kuwa wengi huona kwamba injini inayolia inateseka. Pampu na feni huzungushwa na injini. Gia ndogo huvizungusha haraka zaidi kwa kasi ileile ya barabarani, wakati gia kubwa inayovuta kwa kukoroma huongeza joto silindani na kupunguza hewa kwa wakati mmoja. Mshale ulipanda polepole, ukasimama kwenye 91, ukabaki hapo hadi juu. Tofauti ni 57. Kwa kifuniko kizima cha pauni 7 tuna nyuzi 17 kabla ya mchemko, na mimi naridhika nazo.

Manyoni hatukuzima injini mara moja. Pampu ikisimama, joto lililohifadhiwa kwenye chuma humiminika kwenye maji yasiyozunguka, na lori lililopanda salama huchemkia maegeshoni. Dakika chache za mwendo wa juu kidogo kuliko sailensa, yaani mngurumo wa injini isiyokanyagwa mafuta, zinatosha. Hakuna aliyefungua kifuniko. Kwenye rejeta yenye moto, maji yaliyozuiwa na kanieneo hugeuka mvuke papo hapo kifuniko kinapolegezwa, na kuungua kwa namna hiyo ni kwa uso na mikono. Hali kadhalika, bloku iliyochemsha haimwagiwi maji ya baridi, wala haijazwi kwa haraka, maana chuma cha kusubu hupasuka kwa mshtuko.

Novemba: maji yenyewe, na kazi iliyobaki

Chanzo cha yote yaliyokutwa kwenye bloku ni maji. Dodoma hutegemea kwa kiasi kikubwa maji ya visima vya bonde la Makutupora, na maji ya chini ya ardhi hubeba madini yaliyoyapitia njiani. Upande wa Bahi ardhi ina chumvi kiasi kwamba watu huitengeneza na kuiuza. Madereva huongeza maji popote yanapopatikana, na kila dumu linaloingia huacha chokaa yake ndani, kwa sababu kinachotoka kwa mvuke ni maji matupu. Tulijaribu kwa njia rahisi ambayo yeyote anaweza kuifanya: vijiko vichache vya maji ya kisima kwenye kifuniko cha sufuria kisicho na doa, vikaushwe taratibu juu ya moto. Yanabaki madoa meupe. Maji ya mvua hayaachi karibu chochote.

Kwa sasa rejeta ina theluthi moja ya kulanti ya kijani ya aina ya zamani, inayofaa kwa shaba na risasi, na theluthi mbili za maji yaliyokenekwa, yale yanayouzwa kwa kuongezea betri. Mnunuzi aangalie chupa kwa makini, kwa kuwa asidi ya betri huuzwa kwenye rafu hizohizo. Hatukuhitaji nusu kwa nusu, kwa sababu huku hakuna barafu, na kulanti ikizidi hupunguza uwezo wa maji kubeba joto. Tunachokitaka ndani yake ni dawa ya kuzuia kutu na nyongeza ndogo ya kiwango cha mchemko. Ina ladha tamu na ni sumu, kwa hiyo iliyomwagwa hatuiachi chini uani penye mbuzi na mbwa.

Lori halina chupa ya akiba, na maji hupanuka yakipata moto. Likijazwa hadi mdomoni litatema ziada, dereva ataona limepungua, ataongeza, nalo litatema tena. Tumeweka alama ya rangi ndani ya tanki la juu, milimita 40 hivi chini ya mdomo, na utingo anajua kwamba hapo ndipo pa kuishia, injini ikiwa baridi.

Kazi zilizobaki ni tatu. Mpira wa chini wa rejeta ni mpya lakini hauna springi ndani, na kwa kuwa uko upande ambao pampu inavuta, unaweza kubanana kwenye mzunguko wa juu. Springi ya mpira wa zamani imeoza na tunatafuta nyingine ya chuma kisichoshika kutu. Tanki la kukingia mvua linafungwa kwenye paa la bati la yadi kabla ya Desemba, na maji ya mvua ya kwanza, yanayosafisha vumbi la paa, yataachwa yapite. Mwisho, baada ya msimu wa alizeti tutafungua tena bomba la nyuma ya bloku, lile ambalo halikutoa tone mwezi Agosti, na kuangalia rangi ya kitakachotoka kabla ya kuamua kama kulanti ibadilishwe kila mwaka au kila baada ya miaka miwili.